Tovuti Imebadilika, Nakala ya Zamani Bado Iko Njiani

Tarehe 30 Septemba 2021, mafundi wa Slack, kampuni ya Marekani yenye programu ya mawasiliano ya ofisini, walijaribu kuwasha kinga ya ziada kwenye jina la kikoa chao. Jaribio likaharibika. Wakarudisha mambo yalivyokuwa, kama fundi yeyote angefanya, lakini tatizo likakataa kuondoka. Rekodi moja inayotolewa na seva za .com ilikuwa imeshanakiliwa na seva za majina (zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani) za watoa huduma wa intaneti sehemu mbalimbali za dunia, nayo ilikuwa na ruhusa ya kukaa humo saa 24. Seva hizo ziliendelea kudai saini ambayo haikuwepo tena, na zilipoikosa zikakataa kumfikisha mteja Slack. Kampuni ikabaki kuwaomba watoa huduma wafute nakala walizokuwa nazo. Penye mtoa huduma ambaye hakufuta, watumiaji walisubiri muda wa nakala uishe wenyewe. Slack ilisema walioathirika walikuwa chini ya asilimia 1 ya watumiaji wake, ila kwa aliyekuwa ndani ya asilimia hiyo siku nzima ya kazi ingeweza kupotea.

Tatizo hilo hilo, kwa kiwango kidogo, linampata mwenye nyumba ya wageni kule Paje, Zanzibar, anayepandisha bei ya vyumba kwenye tovuti yake asubuhi, kisha mchana anapokea simu ya mgeni anayetaja bei ya msimu uliopita na kuapa kwamba anaisoma hapo hapo kwenye skrini. Mwenye nyumba anampigia fundi. Fundi anajibu kwa maneno mawili ambayo kila aliyewahi kumiliki tovuti anayajua: futa kashe.

Ushauri huo si uongo, lakini unaelekezwa kwa mtu asiyehusika. Mgeni akifuta kashe, yaani akiba ya nakala, kwenye simu yake, yeye mmoja ataona bei mpya. Wageni wengine hakuna anayewajua, wala hakuna atakayewapigia simu. Tena kati ya faili iliyobadilishwa na jicho la msomaji kuna akiba tano au sita tofauti, kila moja na mwenyewe, kila moja na muda wake, na mgeni ana mamlaka juu ya moja tu. Ndiyo maana watu hufuta na kufuta, na ukurasa ukabaki ule ule.

Akiba hizo zina sababu nzuri ya kuwepo. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Cambridge alieleza jinsi kumbukumbu ndogo yenye kasi inavyoweza kukaa kando ya kumbukumbu kubwa iliyo nzito, na mwaka 1968 IBM ikatangaza kompyuta ya System/360 Model 85 iliyojengwa kwa wazo hilo. Wavuti ilipoanza kusambaa wazo likahamia mtandaoni. Mwaka 1994 Ari Luotonen wa CERN na Kevin Altis wa Intel walieleza seva ya kati inayohifadhi kurasa zilizokwisha kuombwa, ili mtu wa pili akiuomba ukurasa ule ule asilazimike kuufuata ng'ambo. Miaka miwili baadaye ikaja Squid, programu huria ya kazi hiyo hiyo.

Afrika Mashariki iliihitaji mno. Kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kutoa huduma Dar es Salaam na Mombasa mnamo Julai 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya kanda hii ilipita kwenye setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kila ombi na jibu lake vilikula zaidi ya nusu sekunde njiani, na njia yenyewe ilikuwa nyembamba na ghali. Vyuo na watoa huduma waliweka seva za Squid ili picha moja isivutwe kutoka Ulaya mara mia kwa siku. Kebo zilipofika, akiba hazikuondoka, zilisogea karibu zaidi na msomaji. Google na Netflix huweka seva za akiba ndani ya mitandao ya watoa huduma wa nchi husika, na kampuni kama Akamai, iliyoanzishwa na watu wa MIT mwaka 1998, zinauza huduma ya kutawanya nakala za tovuti duniani kote. Anayelipia bando kwa megabaiti anafaidika bila kujua: nembo ya gazeti analosoma kila siku hupakuliwa mara moja, kisha simu huitumia tena na tena bila kumkata chochote.

Kwa hiyo swali halisi si namna ya kuondoa akiba. Ni namna ya kuipa maelekezo. Hapo ndipo wenye tovuti wengi wameteleza, na wengi wao hawajui kwamba maelekezo hayo ni wajibu wao.

Chukua kivinjari kwanza, maana ndicho kinacholaumiwa zaidi. Itifaki ya HTTP inampa mwenye seva nafasi ya kuandika, juu ya kila faili anayotuma, itumike kwa muda gani kabla ya kuulizwa tena. Asipoandika kitu, kivinjari hakibaki bubu. Kanuni za itifaki, ambazo toleo lake la sasa ni RFC 9111 la Juni 2022, zinakiruhusu kikisie, na zinataja asilimia 10 kuwa kipimo cha kawaida: kivinjari kinaangalia faili ilibadilishwa mara ya mwisho lini, kinachukua sehemu ya kumi ya umri huo, na kwa muda huo kinaihesabu kuwa bado mbichi. Ukurasa uliokaa siku 100 bila kuguswa unaweza kuhesabiwa mbichi kwa siku 10 nyingine. Hapo kuna kinaya kidogo. Kadiri ukurasa ulivyotulia muda mrefu, ndivyo badiliko lake la kwanza linavyochelewa kuonekana. Bei za nyumba ya wageni, ratiba ya boti na ada za shule, yaani vitu vinavyobadilika mara moja au mbili kwa mwaka, ndivyo vinavyoangukia humo.

Muda wa ubichi ukiisha, kivinjari hakipakui tena moja kwa moja. Kinaiuliza seva kama faili imebadilika, na kama haijabadilika seva inajibu kwa namba 304, jibu fupi lisilobeba faili yenyewe. Duka la mtaani hufanya vivyo hivyo: mwenye duka hapigi simu kiwandani kila mteja anapotaka sabuni, ila mara moja moja huuliza kama bei imepanda. Mwenye tovuti anaweza kuagiza swali hilo liulizwe kila mara. Agizo lenyewe linaitwa no-cache, jina lililowapotosha mafundi wengi, kwa sababu halizuii kuhifadhi. Linasema hifadhi, lakini usitumie kabla ya kuuliza. Linalozuia kabisa ni no-store, na hilo linafaa kurasa za benki, si ukurasa wa habari. Fundi anayeweka no-store kwenye tovuti nzima ili mteja aache kumsumbua amemaliza kero yake kwa bando la wasomaji.

Njia iliyo bora inajulikana, na haimhitaji msomaji afanye lolote. Faili zinazobeba sura ya tovuti, yaani mitindo, programu na picha, hupewa majina yanayobadilika kila yaliyomo yanapobadilika, kwa mfano mtindo-7f3a.css leo na mtindo-c91e.css wiki ijayo. Zikishakuwa na majina hayo, zinaweza kuruhusiwa kukaa kwenye simu ya msomaji mwaka mzima. Ukurasa wenyewe, ambao ni mwepesi, ndio huagizwa kuuliza kila mara, nao ukija na jina jipya la faili, kivinjari kinakuta hakina faili hiyo na kinaipakua. Firefox iliongeza mwaka 2016 agizo la kusema faili fulani haitabadilika kamwe, na mwaka uliofuata likawa kanuni rasmi. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, hufanya kitu kinachokaribiana na hicho kwa kuongeza alama ya kuuliza na namba ya toleo mwishoni mwa anwani ya faili. Inasaidia mara nyingi, ila zipo seva za kati zilizowekwa zipuuze kila kinachofuata alama ya kuuliza, na mbele ya hizo toleo jipya linaonekana sawasawa na la zamani.

Kitufe cha kupakia upya nacho si kile ambacho watu wanadhani. Mwanzoni mwa 2017 Google ilieleza kwamba Chrome, ikipakia upya, sasa inauliza kuhusu ukurasa wenyewe tu, huku picha na mitindo ikiendelea kuzichukua kwenye akiba maadamu ni mbichi. Kazi hiyo ilifanywa baada ya Facebook kulalamika kwamba Chrome ilikuwa ikiisumbua kwa maswali yasiyo na haja, na Google ilisema maswali hayo yalipungua kwa asilimia 60 na kupakia upya kukawa na kasi zaidi kwa asilimia 28. Anayetaka kuruka akiba yote kwenye Windows hubonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja, na kwenye Mac huweka Command mahali pa Ctrl. Kwenye simu hakuna kitufe cha namna hiyo, na wasomaji wengi wa Kiswahili wanasoma kwenye simu.

Kuna kitu kingine kinachokaa ndani ya kivinjari, nacho kimewatoa jasho hata mafundi wazoefu. Tangu Chrome ya Januari 2015, tovuti inaweza kuweka kwenye simu programu ndogo inayojiendesha nyuma ya pazia, inayopokea kila ombi kabla halijatoka na kulijibu kutoka kwenye akiba yake yenyewe. Ndiyo inayowezesha tovuti kufunguka hata mtandao ukiwa umekatika, faida kubwa mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Lakini toleo jipya la programu hiyo likifika, kwa kawaida linasubiri hadi vichupo vyote vya tovuti hiyo vifungwe ndipo lishike usukani. Mtu anayeacha vichupo wazi wiki nzima atakaa na toleo la zamani wiki nzima. Akipakia upya kwa nguvu ataona mapya, kwa sababu upakiaji huo unairuka programu ile. Akirudi kesho kwa njia ya kawaida anakutana tena na ya zamani, na hapo anaamini kabisa kwamba tovuti imerogwa.

Upande wa seva mambo yanafichika zaidi. Tovuti ya WordPress yenye kiongezo kama WP Super Cache au LiteSpeed Cache haitengenezi ukurasa upya kila mgeni anapokuja. Inaupika mara moja na kuugawa. PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo, tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013, huja na akiba ya programu zilizokwisha kutafsiriwa. Juu yake panaweza kuwa na akiba nyingine: Varnish, iliyoandikwa na Poul-Henning Kamp kwa ajili ya gazeti la VG la Norway na kutolewa mwaka 2006, na kando yake Memcached, ambayo Brad Fitzpatrick aliitengeneza mwaka 2003 tovuti ya LiveJournal ilipolemewa na watumiaji wake. Mbele ya hizo zote husimama mtandao wa kusambaza nakala kama Cloudflare. Huo, mtu asipougusa, huhifadhi picha, mitindo na programu bila kuhifadhi ukurasa wenyewe. Ndipo linapotokea jambo la ajabu kidogo: maneno ya tovuti yamebadilika, rangi na picha hazijabadilika, na mteja anadhani fundi amefanya nusu ya kazi.

Mpangilio wa kufuta unaamua kila kitu hapa. Akianza na Cloudflare kabla ya kufuta akiba ya WordPress, fundi atakuwa amelimwaga ghala la mbele, nalo litajijaza papo hapo kutoka kwenye ghala la nyuma ambalo bado lina mzigo wa zamani. Kazi inaanzia ndani kwenda nje: seva kwanza, kisha mtandao wa kusambaza, kivinjari mwisho. Cloudflare pia ina hali ya matengenezo inayoacha akiba pembeni kwa saa 3 na kisha kujizima yenyewe, ambayo kwa anayebadilisha mambo mengi mfululizo ni nafuu kuliko kufuta kila dakika.

Kufuta nako kuna hatari yake. Michael Jackson alipofariki tarehe 25 Juni 2009, watu walikimbilia makala yake kwenye Wikipedia ya Kiingereza, na wahariri nao wakawa wanaihariri bila kupumzika. Kila uhariri uliiondoa nakala iliyohifadhiwa. Seva nyingi zikajikuta zinaupika ukurasa ule ule mrefu kwa wakati mmoja, kila moja ikidhani iko peke yake, na tovuti ikaelemewa. Baadaye wahandisi waliandika programu iitwayo PoolCounter, ambayo inaiachia seva moja ipike huku nyingine zikisubiri au kutoa nakala ya zamani kwa muda. Wikipedia bado inampa mtu yeyote uwezo wa kufuta nakala ya ukurasa mmoja kwa kuongeza maneno ?action=purge kwenye anwani, na hilo linafanya kazi kwenye Wikipedia ya Kiswahili pia. Ukurasa mmoja, si vyote: tofauti hiyo ndiyo inayoiweka seva hai.

Ziko pia nakala ambazo hazikupaswa kuhifadhiwa hata mara moja. Siku ya Krismasi ya 2015 duka la michezo ya kompyuta la Steam lilikuwa likishambuliwa kwa maombi ya uongo, na mpangilio mpya wa akiba ukawekwa haraka ili kulipunguzia mzigo. Mpangilio huo ulikuwa na kosa. Kwa takriban saa moja na nusu watu waliofungua akaunti zao walionyeshwa kurasa za watu wengine, baadhi zikiwa na anwani za malipo, historia ya manunuzi na tarakimu mbili za mwisho za kadi. Valve, yenye duka hilo, ilikadiria kwamba kurasa za watumiaji wapatao 34,000 zingeweza kuwa zimeonekana na macho yasiyohusika. Kwa hiyo fundi anayeweka kiongezo cha akiba kwenye tovuti ya shule au ya saccos, halafu akakiruhusu kihifadhi hata kurasa za waliokwisha kuingia kwa nywila, anacheza mchezo huo huo bila Krismasi.

Majina ya vikoa ndiyo yaliyoitesa Slack, na ndiyo yanayomtesa kila anayehamisha tovuti kutoka seva moja kwenda nyingine. Mafundi husema mabadiliko ya majina huchukua saa 24 hadi 48 kuenea. Usemi huo umezoeleka na unapotosha. Hakuna kinachoenea. Seva ya majina ya mtoa huduma ina nakala ya anwani ya zamani na ruhusa ya kuitumia kwa idadi ya sekunde iliyoandikwa na mwenye kikoa mwenyewe. 86,400, yaani siku nzima, ni namba inayoonekana mara nyingi. Anayejua atahama Jumamosi anapaswa kuipunguza namba hiyo hadi 300 siku moja au mbili kabla, ahame, kisha airudishe. Google na Cloudflare, kwa seva zao za majina zilizo wazi kwa umma, zina kurasa ambapo mtu yeyote anaweza kuomba rekodi ya jina fulani ifutwe. Watoa huduma wengi wa kawaida hawana kitu kama hicho.

Kuhusu kiungo kinachotumwa kwenye Facebook na kuonyesha picha ya zamani, maelezo ni mafupi: Facebook inahifadhi picha na kichwa cha habari, kwa kawaida hadi siku 30, na ina ukurasa wa mafundi wenye kitufe cha kuisoma tovuti upya. Kwenye WhatsApp picha hiyo hutengenezwa na simu ya mtumaji na kusafiri pamoja na ujumbe, hivyo ujumbe uliokwisha kwenda hautabadilika kamwe.

Mwenye tovuti anayetaka kujua ni nakala ipi inayomsumbua hahitaji vifaa vya gharama. Afungue ukurasa kwenye dirisha la faragha. Ukionekana mpya, nakala ya zamani iko ndani ya kivinjari chake. Ukibaki wa zamani, aongeze ?x=1 mwishoni mwa anwani; ukibadilika, seva au mtandao wa kusambaza ndio wenye nakala. Usipobadilika, azime WiFi na ajaribu kwa data ya simu. Ukibadilika hapo, ashuku seva za majina za mtoa huduma wake. Majaribio haya hayana uhakika wa asilimia mia, lakini yanapunguza uwanja wa kutafuta, na yanafanyika ndani ya dakika chache bila kufuta chochote.

Hilo la kutofuta lina uzito wake kwa msomaji. Mtu anayeambiwa afute akiba mara nyingi anabonyeza kila kisanduku anachokiona, vikiwemo vidakuzi, na anajikuta ametolewa kwenye akaunti zake zote, akihangaika kukumbuka nywila ya barua pepe aliyoiweka miaka mitatu iliyopita. Picha zote za tovuti zote anazotembelea zinapakuliwa upya, kwa bando lake. Akilazimika kufuta kweli, vivinjari vikubwa vinamruhusu kufuta data ya tovuti moja peke yake, na vidakuzi ni kisanduku tofauti kinachoweza kuachwa.

Anayepokea tovuti mpya kutoka kwa fundi na aulize mambo matatu kabla ya kulipa malipo ya mwisho: faili za mitindo zinapewa jina jipya zinapobadilika au la, ukurasa wa kwanza umeagizwa kukaa kwa muda gani kwenye kivinjari cha mgeni, na kitufe cha kufuta akiba ya seva kiko wapi. Majibu yaandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano pamoja na nywila. Fundi akijibu kwamba wageni watafuta kashe wenyewe, kazi bado haijaisha.